Filamu ya Staa, Mkasi wa Nani?

Katika The Last Dance, mfululizo wa sehemu 10 uliotoka 2020, Michael Jordan anakabidhiwa kishikwambi amtazame mpinzani wake Gary Payton akisimulia jinsi alivyomchosha kwenye fainali za NBA za 1996. Jordan anaangua kicheko, na hoja ya Payton inafia hapo hapo. Kicheko kile kilizunguka mitandaoni watu wakavunjika mbavu. Lakini tazama mpangilio wenyewe: mmoja anatoa ushahidi, mwingine anapelekewa auhukumu, na yule wa kwanza hapewi zamu ya kujibu.

Kamera ziliifuata timu ya Jordan, Chicago Bulls, msimu mzima wa 1997-98, kwa makubaliano kwamba picha hazitatumika bila ridhaa ya Jordan. Zikafungiwa karibu miaka 20. Aliporidhia, kampuni yake, Jump 23, ikawa miongoni mwa washirika wa utengenezaji. Scottie Pippen, mwenzake uwanjani, aliandika baadaye kwamba Jordan alitukuzwa huku wengine wakipunjwa sifa. Angetarajia nini? Hata mfululizo wa Beckham (2023), kuhusu mwanasoka David Beckham, umepitia kwenye kampuni aliyoshiriki kuianzisha yeye mwenyewe.

Ukikosana na wenye kabati la picha, yatakukuta ya Ezra Edelman. Huyu ana Oscar kwa filamu yake kuhusu O.J. Simpson. Alitumia miaka kadhaa kutengeneza filamu ya takriban saa 9 kuhusu mwanamuziki Prince, aliyefariki 2016. Wasimamizi wa mirathi yake wakasema ina makosa, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba haitatoka. Yawezekana makosa yalikuwepo kweli. Sisi watazamaji tumenyimwa hata nafasi ya kubishana.

Hata hivyo, mgeni mwenye kamera naye si malaika. Mwingereza Andy Jones alitoa As Old as My Tongue mwaka 2006, kuhusu Bi Kidude wa Zanzibar, bibi wa taarab na unyago, sigara mdomoni, msondo kiunoni. Habari zilipozagaa mwaka 2012 kwamba bibi ametekwa, Jones alirudi na kamera, na baadaye ikazaliwa I Shot Bi Kidude. Nashukuru zipo. Lakini Bi Kidude hakuwa na kabati la Jordan wala mawakili wa kulilinda. Uhuru wa mtengenezaji, kwa msanii maskini, unaweza kuwa ni uhaba tu wa mtu wa kumwambia hapana.

Bado nikilazimishwa kuchagua, nitamchukua mtu wa nje, mradi aonyeshe mkataba wake. Nani amelipa? Nani alikuwa na haki ya kusema kipande hiki kitoke? Mhusika, au familia yake, wanapata nini? Majibu yawekwe mwanzoni, si mwishoni majina yanapopanda mbio na watu wameshaanza kutafuta viatu. Televisheni zetu hutaja mdhamini wa kipindi kila baada ya mapumziko. Kumtaja mwenye mkasi kungekula sekunde tano.