Tarakimu Kwenye Skrini Zisiwe Shahidi wa Uongo

Majuzi wanafunzi wangu wawili walipanda matatu nambari 46 kutoka Kawangware hadi katikati ya jiji la Nairobi. Katika maduka ya Luthuli Avenue walinunua kihisi cha joto aina ya DS18B20, nyaya na skrini ndogo. Nia yao ilikuwa njema: walitaka kuunda kipimajoto cha jokofu la chanjo na kukitoa zawadi kwa zahanati iliyo jirani na shule yetu.

Tulikijaribu katika ndoo ya barafu iliyotiwa chumvi. Kipimajoto cha maabara kilionyesha nusu digrii chini ya sifuri. Skrini ya vijana hao ikaandika 0.5, bila alama ya kutoa.

Huenda msomaji akauliza, je, kialama hicho kina uzito gani? Chanjo nyingi hutakiwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Baadhi yazo, kama vile za pepopunda na homa ya ini aina ya B, zikiganda huharibika. Mtoto atadungwa sindano, atalia, naye atarudi nyumbani bila kinga, ilhali mamaye anaamini kuwa amekingwa.

Kosa lilitoka wapi? Kihisi hicho hutuma kipimo kwa waya mmoja, biti moja baada ya nyingine, mfano wa abiria wanaoingia matatu kwa foleni. Biti zote ni 16, na kila digrii imegawanywa vipande 16. Vipimo vilivyo chini ya sifuri huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka 65536. Kwa hivyo nusu digrii chini ya sifuri hufika ikiwa 65528. Vijana walilifumbua fumbo hilo barabara. Walikosea walipofika kwenye kuandika. Programu yao ilitenganisha nambari kamili na desimali, kisha ikaandika kila moja kivyake. Nambari kamili ya -0.5 ni sifuri, na sifuri haina alama ya kutoa. Kipimo cha -3.5 kiliandikwa sawasawa. Kosa la alama lilijificha kati ya sifuri na -1 pekee. Isitoshe, 4.06 iliandikwa 4.6, kwa sababu sifuri iliyotangulia 6 ilidondoka njiani.

Mwalimu mwenzangu alishauri desimali ziondolewe kabisa ili skrini ipendeze. Sikukubaliana naye, na hata sasa sikubaliani. Ukiondoa desimali, 8.4 inakuwa 8, na 1.6 inakuwa 2. Jokofu lililovuka mpaka litaonekana limo ndani ya mpaka. Hata hivyo, kuandika 4.0625 nako ni majigambo, maana kihisi chenyewe chaweza kukosea kwa nusu digrii. Desimali moja yatosha, mradi programu ilinganishe kipimo na mpaka kabla ya kukikadiria.

Wataalamu wa hali ya hewa waling'amua mambo haya zamani. Makao makuu ya idara yao yako Dagoretti Corner, mwendo mfupi kutoka shuleni kwetu. Katika msimbo wa kimataifa ambao vituo vya hali ya hewa vimeutumia kwa miaka mingi, joto la 0.5 huandikwa 10005, na la -0.5 huandikwa 11005. Tarakimu ya kwanza hutambulisha kuwa hili ni joto, na ya pili huonyesha kama ni juu au chini ya sifuri. Alama imepewa kiti chake, wala haitegemei hisani ya nambari iliyo jirani.

Nawasihi walimu wenzangu tusikubali kazi ya mwanafunzi kwa sababu tu skrini inawaka na tarakimu zinabadilika. Hapana budi tumwombe aonyeshe -0.5, sifuri, 4.06 na 8.4. Kisha tuuchomoe waya. Skrini ikiendelea kuonyesha kipimo cha mwisho kana kwamba hakuna lililotokea, kazi hiyo haijakamilika. Afadhali vistari vitupu vinavyokiri kuwa hakuna kipimo.

Nanyi wanafunzi, msidhani kuwa kuandika jibu ni kazi ndogo inayofuata baada ya hesabu kwisha. Muuguzi hazioni biti zenu 16. Yeye huona tarakimu mbili tatu, na kwazo huamua kama chupa ya chanjo itatumika au itatupwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vijana wangu wamekwisha kurekebisha programu yao. Zawadi yenyewe bado haijapelekwa, na zahanati inaendelea kutumia kipimajoto chake kilichoidhinishwa. Kwanza tutaviweka vipimajoto hivyo viwili pamoja kwa majuma kadhaa, tukilinganisha vipimo vyake asubuhi na jioni.