Fowili Haifungi Breki

Kaa nusu saa mahali popote vijana wa Tunduma wanapooshea magari, utausikia ubishi uleule. Huku wamesimama wenye Mark X, Altezza na Crown Athlete, magari ambayo injini inasukuma magurudumu ya nyuma. Kule wamesimama wenye Subaru za Impreza na Legacy, ekzosi zikinguruma hata gari likiwa limeegeshwa. Ubishi utaanzia kwenye nguvu za injini, utapita kwenye bei ya vipuri, utagusa nani alimwacha nani pale Mpemba usiku, na mwishowe mwenye Subaru atatoa neno lake la kufunga kikao: "Yangu fowili." Mwenye Mark X hunyamaza hapo. Hana sababu ya kunyamaza.

Imani yenyewe inajulikana. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne linashika barabara, ukilikimbiza kwenye mvua linakusamehe. La magurudumu ya nyuma linatupa mkia, na siku moja litakuua. Nimeisikia kwa madalali, kwa mafundi, kwa abiria wa Noah, na kwa mawakala wa forodha wenye pesa ya kununua gari lolote wanalolitaka. Kijana mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, hii inanata kwenye lami kama mjusi ukutani, wewe tulia." Nilitulia, maana nilikuwa kwenye siti ya abiria na usukani ulikuwa wake. Lakini mjusi hana kilo 1,500, wala hateremki Senjele.

Kwa wasiopita huku: kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kilomita mia moja na ushee za barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Unapita Mpemba, Vwawa na Mlowo, unateremka mlima Senjele, unavuka Mto Songwe, unapanda kwenda Mbalizi. Kwa sehemu kubwa ni njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na humohumo ndimo inamopita shaba ya Kongo na Zambia ikienda bandari ya Dar es Salaam, huku mafuta, mbolea na magari ya IT, yaani yanayopitishwa kwenda nchi jirani, yakija upande wa pili. Malori mazito yamechimba mifereji kwenye lami. Kuanzia Novemba hadi Aprili maji yanakaa ndani ya mifereji hiyo, yamechanganyika na dizeli iliyodondoka. Watu wa mkoa wa Songwe hawahitaji kuhadithiwa kinachotokea Senjele. Wengi wana jina la mtu.

Basi tuteremke pamoja. Uko kwenye 100, lami imelowa, na mbele yako kuna semi imetia gia ya chini, inatambaa. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo kabla mguu haujahama kwenye mafuta kwenda kwenye breki, umeshakula urefu wa semi nzima. Sasa umekanyaga. Hapo injini haisukumi kitu. Fowili ni njia ya kugawa nguvu ya injini kwenye magurudumu; nguvu isipokuwepo, hakuna cha kugawa. Breki za Impreza zipo kwenye magurudumu manne. Za Mark X, manne. Za Vitz ya mwalimu inayokufuata nyuma kwa adabu zake, manne. Kinachosimamisha gari ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja hakizidi sana upana wa kiganja. Na ukizidisha mwendo mara mbili, kutoka 50 hadi 100, umbali wa breki unakua mara nne. Hesabu hiyo haiangalii nembo.

Kona nayo ni hivyohivyo. Ukiingia kwa mwendo ambao tairi haliuwezi, gari litanyooka liende porini, liwe linasukumwa na magurudumu mawili au manne.

Sikatai kwamba fowili ina kazi yake. Kujinasua kwenye tope, kupanda kilima kilicholowa, kukanyaga mafuta ukitoka kwenye kona ya vumbi: hapo magurudumu manne yanayosukuma yanayashinda mawili bila mjadala. Na balaa linaanzia hapohapo. Gari linaondoka vizuri mno, dereva hapati habari kwamba barabara inateleza. Mwenye Mark X akitoka kituo cha mafuta pale Vwawa mvua ikiwa imeanza, mkia unacheza kidogo, taa ya njano ya utelezi inapepesa kwenye dashibodi, naye bado yuko kwenye 20. Ameshaambiwa. Mwenye Impreza ataipata habari hiyohiyo akiwa kwenye 110, katikati ya kona, na atakayempelekea ni lori la shaba. Kama kuna gari linalotupa mkia ili kukuua, basi kuna jingine linalokuficha ukweli hadi dakika ya mwisho, na sioni kwa nini hili la pili ndilo lisifiwe.

Najua nitatajiwa Safari Rally. Colin McRae alishinda na Subaru mwaka 1997, Richard Burns akashinda na Subaru mwaka 2000, na picha zao zimebandikwa kwenye vichwa vya vijana hata waliozaliwa baadaye. Sawa, lakini mashindano hayo hayakuanza 1997. Yalianza 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mizima karibu kila mshindi alikuwa na gari la kawaida lenye difu moja nyuma. Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake hapa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walibebea mahindi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara ya kwanza 1973 na Datsun 240Z, gari la milango miwili linalosukuma nyuma, kisha akashinda mfululizo 1979 hadi 1982. Audi Quattro ilipoingia kwenye mashindano ya dunia mwaka 1981, Ulaya nzima ilisema zama za magurudumu mawili zimekwisha. Kwenye matope ya Afrika Mashariki hazikuisha: 1983 alishinda Ari Vatanen na Opel Ascona, 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica, gari la milango miwili, la kusukuma nyuma. Audi ilisubiri hadi 1987, Hannu Mikkola alipoleta Audi 200, sedani nzito ya wakurugenzi. Baada ya hapo fowili ilitawala, ni kweli, kwa sababu kwenye vumbi na tope anayetoka kwenye kona haraka ndiye anayeshinda. Lakini timu zile zilikuwa na gari la huduma lililojaa tairi mpya na mafundi wanaolala chini ya gari. Wewe una nini?

Tena Subaru wenyewe hawaiamini imani hii kama mashabiki wao. Mwaka 2012 walishirikiana na Toyota kutoa gari la milango miwili, wao wakaliita BRZ, Toyota wakaliita 86. Injini ni ya Subaru, kiwanda ni cha Subaru, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma tu. Lina kilo 1,200 na ushee wakati WRX STI inakaribia 1,500. La kuchekesha ni kwamba mengi yalitoka kiwandani na tairi za aina ileile iliyofungwa kwenye Prius, gari la kubana mafuta, ili dereva ausikie utelezi mapema akiwa bado na nafasi ya kuurekebisha. Mara mojamoja 86 moja hupita hapa kwa IT ikielekea Zambia, vijana wanapiga nayo picha, kisha wanarudi kubishana kana kwamba hawajaiona.

Tairi. Hapa ndipo ubishi wote ungepaswa kuanzia. Chukua gari lolote lililoshuka kutoka Japani, chuchumaa, tafuta ubavuni mwa tairi namba nne zilizofungwa kwenye kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata zake zinaweza kuonekana bado nzuri, kwa sababu gari lilikaa yadi, halikutembea; mpira wenyewe umeshakauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye lami iliyolowa hauna urafiki na mtu. Nimechuchumaa mbele ya Subaru za milioni nyingi nikakuta tairi ambazo zingeweza kuanza darasa la saba. Wenyewe walikuwa wamefunga ekzosi mpya.

Na hapo fowili inageuka mzigo. Mfumo wa magurudumu manne unataka tairi nne zenye mzunguko mmoja: aina moja, saizi moja, uchakavu mmoja. Ukifunga mbili mpya mbele na kuacha mbili zilizoisha nyuma, magurudumu yanazunguka kwa mwendo tofauti, na difu ya katikati inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, inachemka, inakufa. Mark X unabadili mbili leo, mbili baada ya mavuno ya kahawa. Kwa mifuko yetu, nani hununua tairi nne kwa mpigo? Wengi hununua mbili, tena za mtumba, kwa hiyo gari linalohitaji tairi nne zilizofanana kuliko mengine ndilo linalozunguka Tunduma likiwa na tairi za makabila manne. Likiharibikia Mlowo, anakuja msamaria na winchi, ananyanyua magurudumu ya mbele, analiburuta, ya nyuma yakizunguka, hadi Mbeya. Fundi akilipokea, ana magonjwa mawili ya kutibu badala ya moja.

Haki itendeke kwenye kodi. Ushuru wa bidhaa unafuata ukubwa wa injini: inayozidi cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, inayozidi hapo ni asilimia 10. Impreza ya cc 1,994 inapita kwenye mlango wa nafuu. Mark X ya 2,500 inalipa mara mbili ya hiyo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 hazibagui. Hapo Subaru imeshinda, naikubali.

Kuna watu mkoani hapa ambao fowili kwao ni lazima. Daktari anayeteremka Kamsamba masika, bwana shamba wa bonde la Rukwa, mnunuzi wa ufuta. Waulize wanaendesha nini. Hilux, Land Cruiser, wakati mwingine pikipiki. Wanajua kwamba kwenye tope la kweli kinachokwamisha kwanza ni tumbo la gari, na tumbo la Impreza liko karibu na ardhi sawasawa na la Mark X. Forester ina kimo, hiyo nawaachia wenyewe. Lakini kijana anayetoka Tunduma kwenda Mbeya kwa lami tupu, au hata kwenda Isongole ambako nako siku hizi ni lami, anailipia fowili kwa ajili ya barabara asiyoipita.

Mimi ningechukua Mark X ya kawaida, hata ile Four, yenye fowili, ningeiacha. Masika ningetupia gunia moja la maharage kwenye buti, nyuma pakae chini. Kabla ya redio na taa za urembo ningenunua tairi nne za mwaka huu na pedi za breki. Senjele ningeteremka kwenye 60, na anayetaka kuovateki aniovateki.