Dizeli safi pekee haitafuta moshi barabarani

Tangu Januari 1, 2015, dizeli inayouzwa nchini na katika mataifa jirani ya Afrika Mashariki hairuhusiwi kuwa na salfa inayozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Awali, Kenya iliruhusu sehemu 500. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, chenye mitambo mikuukuu, kilikuwa tayari kimekoma kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013.

Hata hivyo, mafuta safi ni nusu tu ya kazi. Kinachonasa masizi hasa ni chujio lililofungwa kwenye bomba la moshi. Hujisafisha kwa kuyateketeza masizi hayo kwenye joto la takriban nyuzi 600, joto ambalo gari linalojikokota katika msongamano wa Nairobi hulifikia kwa nadra. Likiziba, injini huishiwa nguvu. Mwenye gari akishatajiwa bei ya chujio jipya, aghalabu huona heri fundi alitoboe, kisha kompyuta ya gari idanganywe kuwa lingali zima.

Ni uamuzi unaoeleweka, ila gharama yake humwangukia mchuuzi wa kando ya barabara. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliutaja moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani.

Jicho la mkaguzi halitoshi, kwani chembechembe hatari zaidi hazionekani. Uholanzi ilianza mwaka 2023 kuzihesabu kwa kifaa wakati wa ukaguzi, na chujio lililotobolewa hubainika papo hapo.