Mtu Mzima Akitaka Kusomea Utabibu, Mwacheni Aende

Watu wa Buna, na Wajir kwa jumla, nyinyi ni watu wa dini na ukarimu. Mgeni kwenu hafiki akakosa maziwa. Sasa hili la kumcheka mtu mzima anayetaka kusomea utabibu mmelitoa wapi? Mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 38, ndevu zimeanza kuingia mvi, anakitoa cheti chake cha KCSE kwenye mfuko wa nailoni, kimekatika kwenye mikunjo, anakwenda saiba kujaza maombi ya chuo cha utabibu cha KMTC. Jua halijatua, kijiweni wameshaanza: “Adeer, ukihitimu utamtibu nani, ngamia?” Na kicheko juu.

Hoja yao ni moja: samaki mkunje angali mbichi. Jamani, hiyo ni methali ya kulea watoto, msiisingizie mambo mengine. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrishwa kusoma akiwa na miaka 40. Nani kati yenu atathubutu kusema alichelewa? Kawia ufike, walisema wahenga, na elimu haina mwisho.

Tupige hesabu basi, maana nyinyi ni wafanyabiashara na hesabu hazijawahi kuwashinda. Stashahada ya utabibu pale KMTC ni miaka 3, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Aliyeingia na miaka 38 anatoka na 42. Serikali humstaafisha mtumishi wake akiwa na 60. Hiyo ni miaka 18 ya kutibu watu! Mtabibu wa mjini mnayeletewa, akishapata uzoefu, huomba uhamisho arudi kwao; huyu kwao ni hapa, mama yake yuko hapa, ngamia wake wako hapa. Atahamia wapi?

Na isitoshe, Wajir si mahali pa kufundishwa somo hili. Wazee wanamkumbuka Annalena Tonelli, yule Mwitaliano. Shahada yake ilikuwa ya sheria. Alikuja Kenya mwaka 1969, akafundisha shule, kisha akajitosa kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu, na masomo ya tiba akayafuata baadaye, akiwa mtu mzima. Ni hapo Wajir, kuanzia 1976, wafugaji walikaa kambini miezi kadhaa wakimeza dawa mbele ya mhudumu mpaka wapone, njia ambayo leo inatumika duniani kote. Aliuawa mjini Borama mwaka 2003. Mgeni aliacha sheria akatutibu sisi. Mwana wetu akiacha chaki atutibu, tunamcheka?

Na hapa siwezi kunyamaza. Yuko mwenye duka, hajasomea hata kufunga kidonda, ambaye huwauzia watu antibayotiki mojamoja kama peremende: mbili za homa, tatu za tumbo, na sindano nyuma ya pazia ukiongeza pesa. Huyo mnamwita “daktari”, na mkipita mnamwamkia kwa heshima! Asiyesoma anatibu, hamcheki; anayetaka kusoma ndipo atibu, mnampigia makofi ya kejeli. Hayo ni maajabu ya mwaka. Mama mjamzito akivuja damu usiku, mwenye duka hufunga mlango, nanyi hubaki kutafuta gari la kwenda Wajir.

Wewe unayechekwa nawe sikuachi. Kuna wanaotaka koti jeupe la mtabibu bila kulitolea jasho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama biolojia yako haikufikia alama inayotakiwa, jiandikishe mtahiniwa wa kujitegemea ufanye mtihani upya, hata ukikaa chumba kimoja na wanafunzi wako wa zamani. Usinunue cheti. Cheti cha kununua kikishika mkasi, kinaua.

Nanyi wazee, najua mna mkono mwepesi. Gari la mgombea kiti hulijaza mafuta ukoo mzima, na harusi hapa haikosi mchango. Safari hii kaeni chini ya mti mchange karo ya mtu mmoja tu, mwanamume au mwanamke, hata kama ana wajukuu. KMTC iko Garissa, iko Mandera, na iko hapo Wajir. Maombi yakifunguliwa, mpelekeni.