Staa kachemsha njiani, mtandao ukacheka: aliyeua ile injini siyo rejeta

Klipu imezunguka sana wiki hii. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kasimama pembeni ya barabara ya Morogoro na GX 110 yake nyeusi. Boneti juu, mvuke unatoka kama mama ntilie kafunua sufuria la wali. Jamaa kashika chupa ya maji ya kunywa, jasho linamtiririka, na nyuma inasikika sauti ya mtu anacheka: "Ngoma imehiti, gari limegoma!"

Basi mtandao ukapata kazi. Wengine wakamwambia auze mkweche apande bodaboda kama wenzake. Wengine wakajifanya mafundi: "Hiyo rejeta hiyo," "Pampu ya maji imekufa," "Toa themostati, huku kwetu joto." Maoni yalikuwa mengi, ila swali moja la maana halikuonekana: hilo gari lilikuwa linachemsha lini na wapi?

Hapo ndipo wengi mjini wanapopigwa. Kuchemsha siyo ugonjwa, ni dalili, kama homa. Ukiumwa kichwa hukimbilii kukatwa mguu. Lakini gari likichemsha, mtu anauziwa rejeta kabla hajaulizwa chochote.

Kwa mujibu wa mtu wa karibu na staa huyo, lile gari lilikuwa linaongea wiki tatu nzima. Kila asubuhi kijana wake wa kuosha gari alikuwa anaongeza maji kidogo kwenye rejeta. Chini linapolala hakuna hata tone. Chupa ya akiba ilikuwa inafurika baada ya safari ndefu. Na asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umebonyea kama boksi la juisi lililonyonywa mpaka mwisho.

Gereji ya kwanza ikabadilisha rejeta. Ya pili ikabadilisha pampu ya maji. Ya tatu ikang'oa themostati ikatupa. Hela imetoka mara tatu, gari bado linachemsha. Kumbe dalili zote zilikuwa zinaonyesha kidole kwenye kitu kidogo kuliko vyote: mfuniko wa rejeta, ule wa zamani, ambao kila fundi alikuwa anaurudisha palepale.

Mfuniko ule siyo wa kuzuia vumbi. Maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini ndani ya mfumo uliofungwa vizuri, yenye kulanti na presha inayoshikiliwa na mfuniko, yanaweza kufika karibu na 120 bila kuchemka. Springi yake ikichoka, presha inatoka na maji yanasukumwa kwenye chupa ya akiba. Kivalvu kidogo cha katikati kikiganda, injini ikipoa maji hayarudi, ndiyo maana mpira unabonyea. Kila safari maji yanapungua, mpaka siku yanapoisha. Na mfuniko wenyewe bei yake haimtishi mtu anayenunua bando kila wiki.

Wenye magari ya umri huo wangejifunza kujiuliza kabla ya kufungua pochi. Gari linachemsha kwenye foleni tu, ila likikimbia linatulia? Angalia feni kwanza, maana gari likisimama hakuna upepo mwingine. Linatulia mjini, ila kwenye hayiwei au mlima linapanda? Hapo mzunguko wa maji una mashaka: rejeta imeziba au pampu imechoka. Linapanda dakika chache tu baada ya kuwashwa, mpira mmoja wa rejeta wa moto na mwingine wa baridi? Themostati inaweza kuwa imegoma kufunguka. Maji yanapungua, moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, na chini ya kifuniko cha oili kuna kitu kama chai ya maziwa? Hapo kaa chini, gasketi ya hedi inaweza kuwa imeondoka.

Ile tabia ya kung'oa themostati "kwa sababu Dar kuna joto" nayo ifike mwisho. Injini haijatengenezwa ifanye kazi ya baridi, ndiyo maana bila themostati inakula mafuta zaidi. Tena kuna injini ambazo ukiitoa, sehemu ya maji inapita njia ya mkato bila kwenda kwenye rejeta, kwa hiyo unaweza kuongeza tatizo ulilotaka kuliondoa. Na maji ya kisima yenye chumvi ni kualika kutu na magadi ndani ya rejeta.

Lakini tuwe wakweli, mfuniko haukuua ile injini. Aibu ndiyo iliyoua.

Mshale wa temperecha ulianza kupanda Kibaha. Ndani ya gari yuko meneja na vijana wawili wa jukwaani, nyuma kuna gari la mashabiki linapiga honi, na Morogoro kuna shoo usiku. Staa akataka kupaki. Akaambiwa, "Kaza mzee, tunafika, watu wataturekodi." Akakaza. Mbele kidogo mshale ukashuka ghafla, wakashangilia. Masikini, hakuna aliyejua kwamba maji yakiisha, kipimo kinaweza kubaki kwenye hewa na kusoma uongo. Mshale unashuka huku injini inaiva.

Injini ile ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Joto likizidi, hedi inapinda na gasketi inaachia. Gari likazima kabla ya Chalinze. Na pale kwenye klipu anaonekana akimimina maji ya baridi kwenye injini ya moto, kitu kinachoweza kuipasua hedi ambayo labda ingeokolewa. Matokeo yake shoo haikufanyika, advansi imerudishwa, vijana wawili wamerudi Dar bila posho, na vifaa vya studio vimeuzwa ili inunuliwe injini ya mtumba. Walioogopa kurekodiwa wamerekodiwa vilevile.

Sasa mlinganishe na dada mmoja MC wa harusi, naye jina kapuni. Kigari chake kidogo, cha zamani, kilianza kupanda temperecha kwenye foleni ya Sam Nujoma, yeye kavaa gauni refu na mekapu ya laki. Akazima AC, akafungua vioo, akawasha hita mwisho kabisa mpaka jasho likaharibu mekapu, maana hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Alipopata upenyo akapaki, akazima gari, na mfuniko hakuugusa, kwa sababu maji yale yakiruka usoni hakuna mekapu ya kuficha. Wapita njia walimrekodi. Akawapungia mkono, akachukua bodaboda kwenda ukumbini.

Kesho yake akamwambia fundi sentensi moja: "Kaka, linachemsha likisimama tu, likitembea halina shida." Fundi akaenda moja kwa moja kwenye feni, akakuta rilei imekufa. Ikabadilishwa, mchezo ukaisha. Klipu yake haikupata watazamaji wa maana, ila injini yake ni ileile mpaka leo.

Wengi wanawalaumu mafundi, na kuna wanaostahili. Ila mteja anayefika gereji akisema "fanya fasta nina shoo" ananunua kubahatisha. Fundi hajalala na gari lako. Wewe ndiye unayejua linachemsha saa ngapi, kwenye barabara gani, na asubuhi unaongeza maji kiasi gani. Ukifika bila hayo majibu, usishangae ukitoka na rejeta mpya na tatizo la zamani.

Mjini hapa watu wanatunza picha kuliko wanavyotunza injini. Gari la miaka zaidi ya 20 siyo aibu, limebeba wengi mpaka wakatoka. Aibu ni kuliona linaomba msaada ukalinyamazisha kwa sababu kuna mtu kashika simu. Mshale ukipanda, paki. Kicheko cha barabarani kinaisha jioni ileile, hedi ikipinda inakaa na wewe mpaka ulipe.

Ungekuwa wewe pale Kibaha, mashabiki nyuma na honi juu, ungepaki au ungekaza? Tiririka hapo chini.