NYANYA ZA KUWAHI: TUSIDANGANYANE



Jumamosi tunakaa kikao cha ushirika kuamua mbegu ya nyanya ya msimu ujao. Yako maneno yanazungushwa kilabuni na kisimani, eti mbegu za zamani tuziache zote, kila mtu apande chotara moja tu ile ngumu, kwa sababu inawahi na dalali anaipenda. Asiyekubali anaitwa mpinga maendeleo. Haya, mimi sikubali. Sababu zangu naziandika hapa ukutani. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Kwanza, hiyo habari ya kuwahi. Hivi kuwahi kunahesabiwa tangu lini? Huyu anahesabu tangu kusia mbegu kitaluni, yule tangu kupandikiza shambani. Miche inakaa kitaluni kama mwezi mzima! Kwa hiyo mmoja akisema siku 75 na mwingine akisema siku 105, huenda wanasema nyanya ile ile. Kisomoni tumefundishwa kuandika tarehe, kwa nini hatuzitumii? Msimu uliopita mimi na jirani zangu tulisia Cal-J, Tanya, Money Maker na hiyo chotara siku moja, tukapandikiza siku moja, tukaandika kwenye daftari. Kati ya iliyotangulia kuiva na iliyokuja mwisho zilipita siku nane. Siku nane, jamani, siyo mwezi. Daftari lipo, aje mtu alitazame.

Kinachotudanganya ni macho. Cal-J na Tanya ni nyanya fupi. Shina likifika kimo chake linaacha kurefuka, na matunda yanaiva karibu kwa pamoja. Ukiona tuta zima jekundu unasema imewahi. Money Maker ni ndefu, inataka vijiti na kamba, inaiva kishada kimoja kimoja kwa wiki nyingi. Huko siko kuchelewa, ni kuendelea kutoa. Anayetaka hela ya mkupuo apande fupi. Anayetaka mboga ya watoto kila siku apande na ndefu mistari miwili nyuma ya nyumba.

Pili, wako ambao kuwahi kwao ni kuchuma mbichi tu. Sisemi watu, najisema mwenyewe. Mwaka jana dalali alinikimbiza, gari linaondoka, nikachuma za kijani kabisa nikajaza matenga. Zilizobaki mke wangu akaziweka ndani zikawa nyekundu. Akapika. Mjukuu wangu akaonja akasukuma bakuli: "Babu, hii ina maji." Mtoto hakukosea. Sukari ya nyanya inatengenezwa na majani kwa jua, inaingia kwenye tunda likiwa bado shinani. Ukiikata mapema mno, rangi itakuja lakini utamu hauji. Nyanya iliyoanza kugeuka rangi kitakoni inasafiri vizuri na kuiva njiani. Tungoje hapo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Tatu, ladha yenyewe. Wapo wanaosema nyanya ni nyanya tu. Si kweli hata kidogo! Ladha ni sukari, ukali na harufu, vikiwa pamoja. Mnaijua ile nyanya ya kienyeji yenye mabega ya kijani, ambayo sokoni inarudishwa eti haijaiva? Mwaka 2012 wataalamu walieleza kwamba ule ukijani wa begani unasaidia tunda kujitengenezea sukari. Wazalishaji wa mbegu walikuwa wamechagua kwa miaka mingi nyanya zinazogeuka rangi sawasawa ili zipendeze macho, na kumbe walikuwa wanapunguza utamu. Mama zetu walilijua hilo kwa ulimi, bila maabara.

Lakini tuseme haki. Cal-J ina nyama nyingi na maji kidogo, inafaa kwa rojo zito. Tanya ni ngumu, inakaa siku nyingi ndani ya tenga. Hata chotara siikatai, inazaa sana. Na wewe unayemwagilia mpaka siku ya kuchuma, usilaumu mbegu. Maji mengi ya mwishoni yanazimua ladha ya nyanya yoyote.

Nne, mbegu ni ya nani? Ukikamua mbegu za chotara na kuzipanda, zinatoka mchanganyiko, hazifuati mama yao. Maana yake kila msimu ni kwenda dukani, bei ikipanda usipande. Tanya, Tengeru 97, Cal-J na Money Maker unakamua mwenyewe. Chagua shina zima lisilo na ugonjwa, tunda liive sana, kamua kwenye bakuli, acha siku mbili tatu lichachuke, osha, anika kivulini. Tukizitupa zote leo, keshokutwa tutaziomba kwa nani?

Tano, tukipanda wote mbegu moja siku moja, nyanya zetu zitaiva wiki moja. Barabarani matenga yatapangwa mpaka mwisho wa macho, na dalali atataja bei anayotaka. Tukiwahi wote, hakuna aliyewahi.

Kwa hiyo kikaoni nitatoa hoja tatu:

1. Fedha ya ushirika isinunue mbegu moja tu. Nusu iwe chotara, nusu mbegu tunazoweza kukamua wenyewe.

2. Kila mkulima aandike tarehe ya kusia, ya kupandikiza na ya kuchuma ya kwanza. Asiyejua kuandika aje kisomoni jioni, tutamsaidia.

3. Jumamosi kila mtu aje na nyanya mbili zilizoivia shinani. Tutazikata, tutatia chumvi, tutaonja bila kutajiwa jina. Ulimi uamue, siyo dalali.

Anayenipinga asininong'oneze kilabuni. Achukue kalamu, nafasi nimemwachia hapa chini.

Katibu wa Tawi