Tundu Lililoachwa Kiwandani

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, kompyuta ya kupakata si kitu cha anasa. Katika duka dogo la Base Camp, mashine moja yaweza kuandika barua za maombi ya kazi, kusafisha picha za pasi na kujaza fomu za vyuo, ikalisha nyumba nzima. Aghalabu ilinunuliwa ikiwa imekwisha tumika, na diski yake imejaa hadi pomoni. Basi mwenyewe akisikia kwamba ndani mna nafasi ya diski ya pili ambayo kiwanda hakikuikamilisha, huanza kukusanya nauli ya kwenda kwa fundi Mbarara.

Habari hiyo si uzushi. Ni desturi ya viwanda kutengeneza ubao mkuu mmoja, ule ambao mafundi huuita mazabodi, kwa mashine za bei mbalimbali. Mashine ya bei kubwa hupewa tundu la diski nyembamba ya aina ya M.2, yenye upana wa milimita 22. Ya bei nafuu hutoka bila tundu, lakini alama zake hubaki ubaoni: safu mbili za vidoa ving'aavyo. Azionaye hudhani kwamba kilichopungua ni kipande kimoja tu cha plastiki.

Hapo ndipo fedha za nyumba hupotea. Tundu hilo lina miguu 67, na kutoka mguu hadi mguu ni nusu milimita. Kazi yake yataka mashine ya hewa moto, kioo cha kukuzia na mkono uliozoea. Lehemu ya viwanda vya siku hizi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Hewa ikikawia mahali pamoja, plastiki hulainika na vipande vya jirani huhama.

Na hata kazi ikiwa safi, tundu peke yake halitoshi. Kiwanda kilipoliacha, mara nyingi kiliacha pia vipande vidogo kuliko punje ya mtama: kapasita za njia za data, ambazo kwa tundu la njia nne huwa nane, vipande vya kupitishia umeme wa volti 3.3, na vya kupitishia mapigo yanayoiongoza diski. Kikikosekana kimoja, huenda diski isionekane kabisa. Tena ipo bayosi, programu inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa. Ikiwa iliandikwa kwa mashine isiyo na tundu, yaweza kukataa kuitambua diski, na hakuna fundi awezaye kulehemu programu.

Kwa hiyo mwenye duka wa Nakivale, au mke wa askari wa kambi ya Makenke, ana haki ya kuuliza kabla ya kufungua mkoba. Je, iko mashine nyingine yenye ubao wa namba hiyo hiyo, nayo ina tundu? Mchoro wa ubao upo? Umeme umepimwa pale penye vidoa? Vipande vidogo vitatoka wapi? Fundi ajuaye kazi hafedheheki kwa kuulizwa. Yule ajibuye kwamba "itakubali tu" yafaa aagwe kwa heshima.

Mashine nyingi za zamani zina diski ya inchi 2.5 inayotoka kwa kufungua skrubu chache. Kuibadilisha kwa diski kubwa isiyozunguka hakuhitaji moto hata kidogo. Hiyo husoma megabaiti 500 hivi kwa sekunde, hali ya kuzunguka husoma 100 na ushei. Diski bora ya M.2 hupita 3,000, lakini kwa barua na picha za pasi mteja hataona tofauti. Kulehemu tundu kuna maana zaidi kwa zile mashine nyembamba ambazo hifadhi yake, gigabaiti 32 au 64, imeshikizwa ubaoni, wala hazina nafasi nyingine.

Njia yoyote ikichaguliwa, mashine isitoke nyumbani kabla ya kunakili vyeti na picha mahali pengine. Kwa familia iliyokimbia Kivu, picha ya harusi iliyomo humo huenda ndiyo pekee iliyosalia.

Siku ya kuichukua, mwenyewe na akae hapo hapo kwa fundi. Faili kubwa la gigabaiti kadhaa lipelekwe kwenye diski mpya na kurudishwa, mashine iachwe ikifanya kazi nusu saa hadi ipate joto, kisha izimwe na kuwashwa mara tatu. Kiungo kibovu aghalabu hujifichua mashine ikiwa na joto. Salio la malipo hutolewa baada ya hapo.